Kilichoua Asparaga

Mtaalamu wa magonjwa ya mimea alilikata shina la asparaga kwa wembe, akalisukuma mbele ya Inspekta juu ya kigae cheupe, akamwambia aangalie mwenyewe. Inspekta aliinama. Ndani ya shina, mahali palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mduara wa kahawia kama doa la chai kwenye kikombe kisichosuguliwa.

"Sumu iko wapi?"

"Hakuna sumu."

"Umepima kila kitu?"

"Udongo, maji, mizizi, majani. Nikarudia tena. Hakuna hata chembe ya dawa ya magugu. Shamba lile limeuawa na kuvu."

Inspekta alivuta stuli akaketi kwa kishindo. Mtaalamu akasogeza pembeni vijisahani vyake vya kioo bila kuambiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa imeonekana nyepesi. Mwanamke mwenye shamba kubwa la asparaga, mboga inayoliwa machipukizi yake, ambaye mji mzima ulimwita Dada Mkubwa kwa kuwa aliwalea wadogo zake peke yake, alikuja kituoni kusema shamba lake linauawa. Mwaka wa kwanza lilichipua vizuri. Mwaka wa pili, joto lilipopamba moto, majani yake membamba kama manyoya yalianza kugeuka njano upande mmoja, kisha mimea ikalala mstari baada ya mstari, ilhali udongo chini yake ulikuwa na unyevu. Mdogo wake wa kiume, fundi wa pampu za maji, alikuwa na jibu tayari. Alisema msimamizi wa shamba, mtu waliyemwita Kimya, alionekana alfajiri moja wakati wa kupanda, akitoka kwenye lundo la miche na gunia begani. Alisema mtu huyo alikuwa na kinyongo, maana Dada Mkubwa alikwisha kutamka mbele ya vibarua kwamba siku moja usimamizi utahamia kwa mdogo wake. Polisi walipopekua stoo ya zana, wakakuta dumu la dawa ya kuua magugu nyuma ya majembe. Kimya alifungwa pingu mbele ya watoto wake. Tangu siku hiyo alikuwa mahabusu, na tangu siku hiyo hakuwa amejibu swali lolote.

Sasa mtaalamu anasema hakuna sumu.

Inspekta alimtaka amweleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Mtaalamu akasema kuvu hiyo hukaa udongoni na kwenye mizizi, huingia ndani na kuziba mishipa inayopandisha maji, hata mmea ukafa kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Ikishaingia shambani haitoki. Hukaa miaka na miaka ikisubiri. Zamani, alisema, kulikuwa na majira ya ubaridi yaliyoituliza, na shamba lenye ugonjwa kidogo liliweza kuvunwa muda mrefu mwenyewe asijue. Siku hizi mvua inashuka yote kwa mkupuo, mizizi inalowa na kubanwa, halafu joto linafuata kama mfuniko wa sufuria. Mmea ukishachoka namna hiyo, kuvu inafanya kwa msimu mmoja kazi iliyokuwa ikiichukua miaka.

"Na nani ameileta?"

Mtaalamu alianza kuhesabu kwa vidole. Huenda ilikuja na miche. Huenda na matope ya matairi ya trekta. Huenda na maji ya mafuriko kutoka shamba la juu. Huenda ilikuwepo siku zote.

"Kwa hiyo nimshitaki nani? Jua?"

"Jua halina anwani," alisema mtaalamu. Hakuwa anatania.

Kituoni, Mkuu wa kituo hakupenda habari hizo hata kidogo. Alikwisha kuwaambia wakubwa wake kwamba mtuhumiwa amepatikana na kielelezo kimekamatwa. Alimwambia Inspekta atafute mtaalamu mwingine. Inspekta akajibu kwamba mtaalamu mwingine atakata shina lile lile na kuona mduara ule ule. Mkuu akasema dumu halikwenda stoo kwa miguu yake. Hapo hakukuwa na ubishi, na Inspekta akashuka kwenye chumba cha vielelezo.

Dumu lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, limefungwa vile vile lilivyoletwa. Inspekta alivaa glavu, akamwita mtunza vielelezo awe shahidi, akafungua kifuniko. Chini yake palikuwa na karatasi ngumu ya rangi ya fedha iliyobana mdomo wa dumu kutoka kiwandani. Ilikuwa nzima, haijatobolewa hata na sindano.

"Hili halijawahi kutumika, afande," alisema mtunza vielelezo.

"Naona."

"Na huyu mtu yuko ndani kwa ajili ya hili?"

Inspekta alirudisha kifuniko. Mkononi alikuwa na shamba lililouawa na sumu isiyokuwepo, kutoka kwenye dumu lisilofunguliwa.

Akaagiza Kimya aletwe. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyochimbiwa sakafuni na feni iliyokufa, na dirisha lake lilitazama ukuta uliokuwa ukichomwa na jua tangu asubuhi. Kimya aliingia ameshika suruali kwa mkono, kwa kuwa mkanda wake ulichukuliwa. Inspekta alimweleza habari za maabara na za dumu. Alitarajia mtu huyo ashushe pumzi, alie, aombe kwenda nyumbani. Kimya alitazama meza. Akamuuliza ni nani mwingine ana ufunguo wa stoo, Kimya akatazama meza. Akamuuliza kama anaelewa kwamba anajaribu kumtoa, na bado Kimya akatazama meza.

Inspekta alilifunga jalada, akasimama, akafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Dawa ya maji haibebwi kwa gunia," alisema. "Mtu anayekwenda kumwaga sumu hubeba ndoo, au bomba la kupulizia. Gunia ni la mtu anayeondoka na kitu. Ulikuwa unapeleka nini?"

Kimya aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Nikisema, mama mkwe atakamatwa?"

"Mama mkwe wako ana nini?"

"Ana asparaga."

Baada ya hapo maneno yalimtoka kama mtu aliyezibuliwa. Mama mkwe wake aliwahi kuonja asparaga siku moja, na tangu hapo kila akimwona mkwewe alimuuliza mtu anawezaje kusimamia shamba zima akashindwa kumletea mwenzake miche kidogo. Mama huyo hakuwahi kumpenda. Alisema binti yake ameolewa na ukuta. Kwa hiyo alfajiri ile, miche ikiwa bado imelundikwa kando ya shamba na hakuna hata mmoja uliogusa udongo, Kimya alijaza gunia. Alipokamatwa, wenzake mahabusu walimwambia kwamba anayepokea mali ya wizi anafungwa sawasawa na mwizi. Akaona bora afungwe yeye kwa sumu kuliko mama mkwe kwa mboga.

"Na hizo za kwake zikoje?" aliuliza Inspekta.

"Zimekufa."

"Zimekufaje?"

"Kama za shambani. Njano upande mmoja, halafu zikalala."

"Na hukuona kama ni jambo la kumwambia mtu?"

"Ningemwambiaje mtu, afande?"

Inspekta alichukua gari akaenda nyumbani kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa uani akianika nguo. Alipoona sare alishusha beseni chini, akauliza kama mkwewe amekufa. Alipoambiwa yuko hai, uso wake ukabadilika papo hapo, akataka kujua kwa nini basi wamemweka muda wote huo, anakula nini, na ni nani atakayelipa muda wa binti yake anayehangaika na watoto. Inspekta akamwacha amalize. Kisha akaomba kuona asparaga.

"Hizo," alisema mama mkwe, akionyesha kwa kidevu nyuma ya tangi la maji. "Zawadi ya mkwe wangu. Nilijua kanichagulia zilizooza kwa sababu nilimkatalia posa mara ya kwanza. Nimenuna naye msimu mzima."

Mahali pale palikuwa banda la kuku zamani. Inspekta aliuliza kama asparaga iliwahi kupandwa hapo kabla. Haikuwahi. Kama trekta liliwahi kuingia. Trekta lingepitia wapi, aliuliza mama mkwe, dirishani? Kama maji ya shamba la Dada Mkubwa yanafika huku wakati wa mafuriko. Yule mama akamwonyesha mlima uliokuwa kati ya nyumba yake na shamba. Maji yalikuwa ya bombani, na jembe lilikuwa lake mwenyewe.

Inspekta alichimba shina moja lililokauka, mizizi yake ikatoka imesambaa kama miguu ya buibui. Akalikata. Mduara wa kahawia ulikuwepo.

Akahesabu, jua likimpiga utosini. Sehemu mbili, udongo tofauti, maji tofauti, zana tofauti. Kitu kimoja tu kiliziunganisha, nacho kilipita kwenye gunia kabla ya kugusa udongo wa Dada Mkubwa. Ugonjwa ulikuja na miche.

"Ni makosa yake?" aliuliza mama mkwe. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wizi ni wake. Ugonjwa si wake."

Mama mkwe aliitazama ile mizizi. "Na mimi nimemnunia bure," alisema.

Ndani ya gari, Inspekta alimpigia simu Dada Mkubwa akamuuliza miche ilitoka wapi. Alijibu bila kufikiri: mdogo wangu ndiye aliyeileta na lori lake, kutoka kituo cha miche. Inspekta akapiga simu kituo cha miche. Mkuu wa pale akasema msimu ule hawakuuza mche hata mmoja wa asparaga, kwa kuwa mvua kubwa ilizamisha vitalu vyote, na kila aliyekuja aliambiwa asubiri mwaka unaofuata. Alikumbuka hata fundi mmoja wa pampu aliyekuja na lori tupu akaondoka nalo tupu.

Karakana ya yule fundi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya grisi, pampu zimepangwa sakafuni matumbo nje. Mwenyewe alikuwa mtu mcheshi, mwepesi kwa maneno. Alimfutia Inspekta kiti kwa kitambaa, akauliza kesi imefikia wapi, akasema dada yake halali. Inspekta alimwambia kwamba kazi imebaki kidogo.

"Dawa iliyobaki kwenye lile dumu tunaipeleka maabara," alisema, "ilinganishwe na udongo."

"Iliyobaki? Lile si limejaa?"

Fundi alichukua spana akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Siku ya upekuzi ulikuwa wapi?"

"Getini. Nilibaki getini."

"Na dumu lilitoka stoo limefungwa kwenye mfuko, likaingia garini. Hakuna aliyelifungua mpaka leo asubuhi, nilipolifungua mimi. Nani alikuambia limejaa?"

"Nimekisia tu."

"Umekisia vizuri. Ufunguo wa stoo unao?"

Fundi aliutazama ukuta ambako funguo zake zilining'inia kwenye misumari. Inspekta akamwambia kuhusu kituo cha miche na lori lililoondoka tupu. Akamwambia kuhusu mama mkwe na banda la kuku. Alikuwa amechoka, na alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Fundi aliketi juu ya kreti. Ucheshi ulimwisha. Akaeleza kwamba dada yake alikwisha kulima, kuweka mabomba, na kuwaahidi wanunuzi, na kila siku alimuuliza miche iko wapi. Kituo kilipomnyima, mtu mmoja alimwelekeza kwenye shamba la zamani ng'ambo ya bonde, asparaga iliyotelekezwa na mwenyewe aliyehamia mjini. Watu walikuwa wakichimba mizizi pale waipande kama miche. Naye akachimba. Aliona kwamba mimea mingine imekauka, lakini kila mtu alisema ni ukame tu, mizizi ikipata maji inafufuka. Na kweli, mwaka wa kwanza ilifufuka.

"Halafu?"

"Halafu ikaanza kufa, na dada akaanza kuuliza. Akasema atakwenda mwenyewe kituo cha miche kudai. Nikamkumbuka Kimya na gunia lake."

"Ukanunua dumu."

"Nilijua yule hasemi. Nilijua watamweka wiki, wamwachie. Sikujua atanyamaza hivyo."

Inspekta alimuuliza ni akina nani wengine waliochimba kwenye shamba lile. Fundi akasema kulikuwa na malori mengine, hakuyajua, moja lilikuwa na turubai la bluu. Yalikwenda wapi? Hakujua. Inspekta aliuliza tena kwa namna nyingine, na kwa namna nyingine tena. Hakujua. Mahali fulani kulikuwa na mashamba mengine yenye mizizi ile ile, wenyewe wakisubiri mavuno, na alichopata yeye ni turubai la bluu.

Alimkamata.

Mkuu wa kituo alisikiliza yote, kisha akauliza kosa la kuharibu shamba anabaki nalo nani. Inspekta akasema hakuna. Fundi atashitakiwa kwa kutoa taarifa za uongo na kutengeneza ushahidi. Kuhusu shamba lenyewe hakuna kifungu. Kupanda mche mgonjwa bila kujua si jinai, na joto halikamatwi. Inspekta akaomba gari la kuzunguka mashambani kuuliza juu ya malori. Mkuu akasema hiyo ni kazi ya watu wa kilimo. Inspekta alikwisha kuwapigia watu wa kilimo; simu iliita mpaka ikakatika.

"Basi angalau kuna wizi," alisema Mkuu. "Huyo Kimya amekiri. Kama mwenye mali anataka, tunamshitaki. Tusionekane tumemweka ndani bure."

"Tumemweka ndani bure."

"Mwite mwenye mali."

Dada Mkubwa alikuja akiwa bado na viatu vya shambani; kibarua aliyemwendesha aliegesha gari, akampa funguo, akarudi shambani. Inspekta alimkalisha akamweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuficha wala kupamba: kuvu, dumu, gunia, shamba la ng'ambo ya bonde, na kwamba ardhi yake haitafaa kwa asparaga kwa miaka mingi. Mwishoni aliulizwa kuhusu wizi. Akasema hakuibiwa kitu. Gunia lile lilimpunguzia maiti za kuzika. Kisha akaomba kumwona mdogo wake.

Inspekta alisimama kando yake mbele ya nondo. Fundi hakuthubutu kusogea.

"Kwa nini hukuniambia kwamba miche hakuna?" aliuliza Dada Mkubwa. "Neno moja tu. Hakuna. Subiri mwakani."

"Dada, ungesubiri?"

Askari wa zamu aliacha kuandika.

"Hapana," alisema Dada Mkubwa. "Nisingesubiri. Ningekutukana, na ningemtuma mtu mwingine." Akashika nondo kwa mkono mmoja. "Lakini mtu mwingine asingekuwa wewe. Na watoto wa Kimya wasingeona walichokiona."

Wakarudi mapokezi. Kimya alikuwa amekwisha kutolewa, anavuta mkanda wake kwenye vitanzi vya suruali, na ilibidi aubane zaidi ya zamani. Mama mkwe alikuwa amekuja kumchukua; alikuwa amesimama mlangoni na kimfuko cha nguo safi, akimlaumu askari wa zamu kwa jinsi mkwewe alivyokonda, na hakuonekana kukumbuka kwamba aliwahi kumwita ukuta. Dada Mkubwa alimkaribia msimamizi wake. Alimwambia kwamba lazima shamba zima ling'olewe na kuchomwa, kwamba hajui aanzie wapi, na kwamba nafasi yake iko pale pale, mdogo wake hatasimamia kitu tena.

"Mama, nilikuibia," alisema Kimya. "Hilo ni kweli na nakuomba radhi. Lakini siku ile nilipofungwa pingu ulikuwa umesimama barazani. Ungeniuliza wewe ningekujibu. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," alisema Dada Mkubwa.

"Tafuta mwingine."

Alipokea kimfuko kutoka kwa mama mkwe wake, wakashuka ngazi pamoja, yule mama akizungumza na yeye akitikisa kichwa. Dada Mkubwa aliwatazama mpaka walipokata kona. Kisha akaombwa aweke saini mahali kadhaa, akaweka, kila saini ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Alipomaliza alibaki amesimama kaunta na mkoba wake, kama mtu anayesubiri chenji.

Inspekta alimuuliza kama kuna jambo lingine.

"Gari langu liko nje," alisema Dada Mkubwa. "Mimi siendeshi. Siku zote ananiendesha mdogo wangu."

Inspekta alinyoosha mkono, naye akampa funguo.